Kijana kavunja duka langu, alafu naambiwa "jamii ndo imemharibu": nifute kesi?

Mama mmoja mwenye duka Nkuhungu, hapahapa Dodoma, kaniandikia barua ndefu yenye machungu, naifupisha ili na wengine waelewe najibu nini.

"Shikamoo mama. Duka langu lilivunjwa usiku, wakachukua simu ya uwakala, viroba viwili vya mchele, mtungi mdogo wa gesi na hela ya chenji. Kumbe ni kijana wa mtaani kwetu, ana miaka 16, nilikuwa nampa vibarua vya kuchota maji na kupanga mizigo. Alivyokamatwa watu walitaka kumchoma moto, tairi walishaleta, mi ndo nilipiga kelele mpaka polisi wakafika. Sasa kesi iko mahakamani. Mtungi ulikutwa kwa mama anayekaanga chipsi mtaa wa pili, aliununua elfu kumi na tano. Kinachoniumiza, walewale waliokuja na tairi sa hivi wananiambia nifute kesi, eti kijana hana kosa, jamii ndo imemharibu. Mwenyekiti wa mtaa naye kasema hivohivo. Je ni kweli kosa ni la jamii? Na kama ni kweli, mimi niliyekuwa nampa vibarua nahusikaje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa yote. Mi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti za watoto waliofikishwa mahakamani, yaani unaenda nyumbani kwao unaongea na mama au bibi, unaenda shule aliyosoma, unaongea na majirani, unaongea na aliyeibiwa, alafu unamwandikia hakimu mtoto huyu katokea wapi na kafikaje hapa. Kwa hiyo nimekaa na watu wa pande zote mbili za swali lako. Jibu fupi nakupa mapema ili usisome na wasiwasi: kijana ana kosa na kosa ni lake, na kusema jamii imechangia hakumpunguzii hata kidogo. Jamii nayo ina la kujibu, tena kubwa, ila ni jingine kabisa. Wanaokuchanganya wanatumia hilo la pili kufutia la kwanza.

We una duka, unalijua daftari la madeni. Ukiandika kwamba mteja fulani anadaiwa elfu ishirini, deni la mteja mwingine kwenye ukurasa wa pili halishuki hata shilingi mia. Na lawama ni hivyo. Watu wanadhani ni kitu kimoja cha kugawana, tukiipa jamii nusu basi mwizi anabaki na nusu, tukiipa jamii robo tatu mwizi anabaki na robo, na mwishowe mwizi anatoka msafi na aliyeibiwa ndo anaonekana ana roho mbaya kwa kwenda mahakamani. Hapana. Yeye alikata kufuli lako, hilo anajibu yeye peke yake. Mtaa uliomwona hana shule hana kazi miaka miwili na hakuna aliyeuliza, huo unajibu la kwake.

Sasa, hilo la kusema jamii inachangia uhalifu halijaokotwa barabarani, lina historia. Miaka ya 1830 kulikuwa na mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji anaitwa Adolphe Quetelet, alichukua hesabu za mahakama za Ufaransa akagundua kitu kilichowashtua watu wa wakati ule, kwamba idadi ya makosa mwaka kwa mwaka inakaribiana sana, mpaka silaha walizotumia wauaji unakuta uwiano ni uleule. Akajiuliza, kama uhalifu ni uamuzi wa mtu mmoja mmoja tu, na kila mtu anaamua la kwake, inakuwaje jumla haibadiliki? Akasema basi kuna kitu kwenye mpangilio wa jamii yenyewe kinachoandaa makosa hayo. Baadaye, mwaka 1876, Cesare Lombroso wa Italia akaja na lake la kwamba kuna watu wanazaliwa wahalifu, eti unawajua kwa taya na masikio, na wengi walimwamini. Hilo lilishaanguka kwenye utafiti zamani, ila mitaani bado lipo, utasikia mtu anasema "yule hata sura yake tu ni ya mwizi", na mtoto anaambiwa hivyo tangu darasa la tatu.

Utafiti ninaoupenda mimi ni wa Chicago. Clifford Shaw na Henry McKay walichukua kumbukumbu za watoto waliofikishwa mahakama ya watoto kwa miongo kadhaa wakaweka alama kwenye ramani, kila mtoto na alikokuwa anakaa. Mitaa iliyojaa alama ilikuwa ileile mwaka baada ya mwaka, ingawa watu waliokaa pale walibadilika kabisa, walianza Wajerumani na Waayalandi, wakahama, wakaja Wapolandi na Waitaliano, na mtaa ukabaki na tatizo lake. Waliohama kwenda mitaa mingine watoto wao wakatulia. Maana yake ni kwamba sio kabila wala damu, ni mahali, na mahali panatengenezwa na watu. Hapo ukimsikia mtu anasema "Wagogo wako hivi", "Wasukuma wako vile", "hawa waliotoka Dar ndo wametuletea wizi", mwambie hayo yalipimwa zamani na hayakusimama.

Mwaka 1997 watafiti wengine wa Chicago, Robert Sampson na wenzake, wakaenda mbele zaidi. Waliwauliza watu zaidi ya 8,000 maswali mepesi tu: ukimwona mtoto wa jirani katoroka shule anazurura kona, majirani zako watafanya kitu? Wakimwona anamjibu hovyo mtu mzima? Mnaaminiana mtaani kwenu? Mitaa ambayo watu walijibu ndio, tunaingilia, ilikuwa na vurugu chache kuliko mingine, hata ukilinganisha mitaa yenye umaskini uleule. Hilo liweke akilini mwanangu maana nitalirudia kwenye mambo ya mtaani kwenu.

Maana angalia Dodoma yetu. Sensa ya 2012 jiji hili lilikuwa na watu kama 411,000, sensa ya 2022 ikakuta kama 765,000, ndani yake kuna serikali kuhamia hapa kuanzia 2016, vyuo, ujenzi wa Mtumba, reli, biashara. Mimi nafurahi jiji kukua, watoto wangu wamepata kazi humu. Lakini Nkuhungu ya leo na ile niliyoijua mimi ni vitu viwili. Zamani mtoto akipita na kuku mkononi unamjua ni wa nani na kuku ni wa nani. Sa hivi nyumba ina wapangaji sita, wanne wamekuja mwaka huu, kila mtu ana fensi na geti, kijana anapita na mtungi wa gesi begani saa kumi na moja alfajiri na hakuna anayemuuliza, kila mtu anajua labda ni mpangaji wa upande wa pili. Mjumbe wa nyumba kumi enzi zetu alikuwa anajua mpaka mgeni wako kalala wapi, ilikuwa na kero zake hiyo, sitaki kuisifia sana, ila tangu vyama vingi vianze mwaka 1992 mjumbe ni wa chama, na jirani asiye wa chama chake haoni kwa nini amsikilize. Kilichokuja mahali pake, polisi kata, ulinzi shirikishi, kinafanya kazi pale ambapo watu wamekitaka wenyewe, na penye watu wasiojuana kinabaki mchango wa elfu mbili wa mlinzi ambao nusu ya nyumba hazilipi.

Kwa hiyo ndio, jamii inaandaa. Ila usikubali mtu aishie hapo, maana kuna upande wa pili ambao wasemaji wa "jamii imemharibu" hawautaji kabisa. Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia wavulana wote waliozaliwa mwaka 1945 waliokulia Philadelphia, karibu 10,000, mpaka wakafika miaka 18. Theluthi mbili hawakuwahi kuandikwa na polisi kwa lolote. Na walioandikwa, kikundi cha watoto kama asilimia 6 ya wote ndo walifanya zaidi ya nusu ya makosa yote. Jiji lilelile, mwaka uleule wa kuzaliwa.

Na wala hatuhitaji kwenda Marekani kulijua hilo. Huyo kijana wako nina hakika ana ndugu, au ana rafiki aliyekulia naye, wamelala njaa pamoja, wamefukuzwa shule kwa sababu hiyohiyo, na huyo mwenzake sa hivi anasukuma toroli Majengo sokoni au anabeba tofali saiti na jioni anampelekea mama yake unga. Ukisema umaskini ndo umemfanya yule awe mwizi umemtukana huyu. Nimekutana na mabibi wanaolea wajukuu wanne kwa kuuza karanga na mlenda uliokaushwa, hawajawahi kugusa cha mtu, na wanaumia sana wakisikia "si unajua maisha magumu" inatolewa kama sababu ya wizi, kwa sababu maisha magumu wanayajua wao.

Sheria yetu nayo inakubali kwamba watu hawawajibiki sawasawa, ila imeweka mipaka. Kwenye Kanuni ya Adhabu mtoto chini ya miaka 10 hawezi kuwa na kosa la jinai kabisa, na chini ya miaka 12 mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua anachofanya ni kibaya. Mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asijue anachotenda naye ana njia yake, na sisi wa Dodoma tunaijua zaidi ya wengine kwa sababu ya Mirembe na kitengo cha Isanga wanakopelekwa wagonjwa wa akili waliohusika na makosa, wapo kule wanatibiwa. Kijana wa miaka 16 haingii kwenye hayo. Ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kesi yake inaenda mahakama ya watoto, na sheria hiyo hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Lakini anawajibika. Alisubiri usiku, alijua hela unaweka wapi kwa sababu ulimwamini ukamwingiza ndani, alijua pa kuuzia mtungi. Huyo ni mtu aliyeamua, na mi naona ni heshima kumwambia hivyo. Vijana niliokuwa nawasimamia, walioambiwa kila siku "we huna kosa, ni maisha" walirudi kulekule, maana kama sikuamua mimi kuingia basi hata kutoka siwezi kuamua mimi.

Sasa tuje kwenye hilo la jamii, na hapa nataka twende taratibu. Kila nikisikia mtu anasema "jamii imemharibu" nauliza, jamii nani? Naomba majina. Maana ukisema jamii bila jina hakuna atakayeitwa, hakuna atakayelipa, hakuna atakayebadilisha kitu, mkutano unafungwa watu wanaenda kunywa chai. Tukianza kutaja majina ndo mambo yanaanza.

Wa kwanza ni mama wa chipsi. Mtungi mdogo wenye gesi yake kaununua elfu kumi na tano kwa kijana wa miaka 16, hana risiti, kaja nao asubuhi na mapema. Kila mtu anajua mtungi wa aina hiyo dukani haupatikani kwa bei hiyo wala karibu yake. Sheria inasema kupokea mali ya wizi ukiwa unajua, au una sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, ni kosa la jinai, linajitegemea, na hukumu yake sio ya kuchekea. Lakini umeona mwenyewe, kijana ndo alitakiwa kuchomwa moto na mama wa chipsi bado anakaanga chipsi, na waliobeba tairi labda walikula kwake jioni ileile. Mimi nakwambia kwa miaka yote niliyoandika ripoti, sikuona mtoto aliyeiba ili akae na kitu. Wanaiba kwa sababu kuna mtu anasubiri kununua. Taa za gari, saiti mira, simu, betri za sola, mitungi, kila kimoja kina mnunuzi wake mtu mzima mwenye familia anayeheshimika.

Kuna mtoto mmoja nilimwandikia ripoti, sitasema wa wapi. Alikuja mjini kutoka vijijini baada ya mavuno kukataa, baba kaenda kuchunga ng'ombe za watu hakurudi, mama anafua nguo za watu. Akaanza kuokota vyuma chakavu. Nilienda kwa aliyekuwa anamuuzia, ana mizani imening'inizwa kwenye mwarobaini, daftari la shule limefungwa kamba, kila mtoto kaandikwa jina la utani na kilo zake. Nikaomba nilione daftari. Wiki za mwanzo ni kilo moja, kilo moja na nusu, misumari na makopo. Alafu siku moja kilo tisa. Nikamuuliza kilo tisa ilikuwa nini, akanijibu bila hata kusita, mfuniko wa chemba. Mtoto wa miaka kumi na mbili kaja na mfuniko wa chemba ya barabarani akapimiwa, akalipwa, akaambiwa ukipata mwingine lete. Baada ya hapo koki za bomba la shule, alafu nondo za saiti ya mtu, na kwenye nondo ndo akakamatwa. Mahakamani alisimama peke yake. Niliandika kwenye ripoti kila kitu cha lile daftari, na nasema wazi hadi leo kwamba mtoto yule alifundishwa kazi ile na mtu mzima, kilo kwa kilo, mchana kweupe, na majirani wanaona. Hiyo ndo jamii. Ina mizani na ina daftari na ina jina.

Hata yale mauaji mabaya kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo nchi hii, ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyopamba moto miaka ya 2007 na 2008 mpaka serikali ikafuta leseni za waganga mwaka 2009, hayakuanza na aliyeshika panga. Kulikuwa na mganga aliyesema kiungo kinaleta utajiri na kulikuwa na mwenye hela aliyetaka kununua. Ondoa mnunuzi, panga halitoki nyumbani. Nakubali wizi wa mtungi haufanani na kuua mtu hata kidogo, ila mnunuzi anafanya kazi ileile.

Jina la pili ni shule na sisi watu wa ofisini. Mtoto anaacha kuja, mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani anaita jina mara tano alafu anapiga mstari, na taarifa ya utoro inatakiwa iende kwa mtendaji, inakaa mezani. Nimewahi kukuta mtoto aliyeacha shule darasa la tano na mtu wa kwanza wa serikali kumuuliza kwa nini alikuwa polisi, miaka mitatu baadaye. Ada ya msingi na sekondari za serikali imeondolewa, sawa, ila sare, madaftari, michango na njaa ya saa nne hazijaondolewa. Maafisa ustawi ni wachache, kata nyingine hazina kabisa, mmoja anahudumia kata kadhaa kwa miguu na bodaboda ya hela yake. Hilo ni la serikali na linatakiwa kusemwa kwa sauti.

Jina la tatu ni baba. Sitalizungumza sana hili maana kila mtu anajua, ila mahakama za watoto nilizokaa mimi, benchi la nyuma limejaa kina mama na bibi.

Na sasa waliobeba tairi. Hapa naomba unisamehe kama sauti yangu itapanda. Mwanangu, siku ile Nkuhungu ilibaki kidogo jamii ifanye uhalifu kweli, sio kuchangia, kufanya, kwa mikono yake, wa kuua. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu za kila mwaka zinaandika watu waliouawa na wenye hasira kali, kuna miaka wamefika mamia, na ni nadra usikie aliyehukumiwa, kwa sababu wote walikuwepo na hakuna aliyekuwepo. Watu wanajitetea kwa sungusungu, eti hata Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walichoka na wizi wa ng'ombe wakajilinda wenyewe. Ni kweli walijilinda, lakini sungusungu ilikuwa na viongozi wanaojulikana na vikao, na hata hivyo ilifanya mabaya mengi mpaka serikali ikaiwekea taratibu za kisheria. Kundi la tairi halina kiongozi wala kikao, mtu anapiga kelele ya mwizi na aliyekuwa anapita kwenda dukani anaokota jiwe. We ulisimama mbele yao peke yako, mwenye mali yake, ukapiga kelele mpaka polisi wakaja. Kwa hiyo ukiniuliza we unahusikaje, nakujibu kwamba mtaa mzima aliyetimiza wajibu wake kwa yule kijana ni wewe, ulimpa kibarua kabla, na ukamwokolea uhai baada.

Na usishangae kwamba watu walewale wameruka kutoka "achomwe" mpaka "hana kosa". Yote mawili yanafanana kwa kitu kimoja, hayamdai mtu chochote. Ukimchoma imeisha. Ukisema jamii imemharibu nayo imeisha, kila mtu karudi kwake. Cha katikati ndo kigumu, kwenda mahakamani mara nne tano, kufuatilia, kumsimamia kijana baada ya hukumu.

Kuna msomaji atasema mama unasahau kwamba jamii ndo inatunga sheria na kuamua nani ni mhalifu. Sijasahau. Mwaka 1983 kwenye vita ya uhujumu uchumi watu walikuwa wanaficha sukari na sabuni chini ya kitanda, na vijana walizolewa mijini kwa uzururaji kwenye kampeni ya Nguvu Kazi, wengi wao kosa lao lilikuwa kutokuwa na ajira. Hapo nakubali, jamii inaweza kumtengeneza mhalifu kwa kuandika sheria tu. Ila kuvunja duka la mama usiku ni kosa kwa Wagogo, Warangi, Wanguu, Ukristo, Uislamu na kila sheria niliyowahi kusikia, kwa hiyo hoja hiyo hapa haina kazi.

Sasa la kufanya. Kwanza, wanaokwambia ufute kesi waambie huwezi, kesi ya jinai ni ya Jamhuri, we ni shahidi, anayeweza kuiondoa ni upande wa mashtaka. Wanachomaanisha ni usitokee mahakamani ili kesi ife, na ukishapewa samansi usipokwenda mahakama inaweza kuagiza ukamatwe wewe. Kumsamehe moyoni ni haki yako na hakuhitaji kesi ife, unaweza kumsamehe na ukatoa ushahidi wa kweli siku hiyohiyo. Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu sio ukali wa adhabu, ni uhakika kwamba itakuja, na nimeyaona hayo kwa watoto. Yule aliyekamatwa mara tatu na mara tatu kesi ikafia kwa mwenyekiti, ya nne anakuja na panga, na kwa mtu mzima unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo cha miaka 30. Wanaomhurumia leo kwa kuua kesi wanampeleka huko.

Pili, afisa ustawi atakuja kwako, au usimsubiri, nenda ofisini kwao mwenyewe. Mwambie yote, kwamba alikuwa kibarua mzuri, kwamba alikuwa anakuja bila kula, lini alianza kubadilika, anaonekana na nani. Huko ndo mahali pa hoja ya "jamii imemharibu", kwenye ripoti, ikiwa na majina na tarehe, ili hakimu ajue aamue nini, maana anaweza kumwachia kwa masharti chini ya uangalizi, anaweza kuagiza fidia, na ikibidi kuna shule ya maadilisho ya Irambo kule Mbeya. Niulize mimi, uangalizi wa hapahapa ukiwa wa kweli ni bora kuliko kumpeleka mbali, ila lazima awepo mtu wa kumwangalia.

Tatu, na hili lipeleke kwenye mkutano wa mtaa ukiwa umesimama, kwa heshima lakini bila kuogopa. Waambie nimekubali, jamii imemharibu, basi jamii iandike majina. Fundi gani wa hapa atamchukua awe anashinda naye gereji au kwenye useremala? Nani atalipia fomu ya VETA akikubaliwa? Nani atakwenda naye mahakamani, maana siku ya kesi mtoto huwa yuko peke yake? Na mtaa mzima tukubaliane kwamba hakuna kununua mtungi, simu wala chuma kwa mtoto au mtu asiyejulikana bila mashahidi wawili na jina kwenye daftari la mtendaji. Mwenyekiti aandike kwenye muhtasari. Wakijitokeza watatu tu utakuwa umepata mtaa. Wakikaa kimya, basi wasikuguse tena na hiyo sentensi yao.

Mama wa chipsi usigombane naye barabarani, mtaje kwenye maelezo yako polisi kama hukumtaja, kwamba mtungi ulikutwa kwake na bei aliyonunulia, waache wao waamue. Mtungi wenyewe najua unauhitaji, ni kielelezo kwa sasa, omba upigwe picha na muulize mwendesha mashtaka utaratibu wa kurudishiwa. Na leo usiku kabla hujalala andika kila kilichoibwa na bei yake, simu, mchele, kufuli, mlango uliovunjwa, pamoja na siku ulizofunga duka, maana fidia inaombwa kwa hesabu, na ukisimama kizimbani kwa shahidi ukaulizwa jumla ni ngapi uwe na karatasi mkononi.